Tundu Ambalo Mama Hakuliziba

Juzi nilimkuta jirani yangu hapa Kapkatet amefunga madirisha yote kwa sababu ya baridi, na jiko la makaa linawaka sebuleni. Nilifungua dirisha kabla hata ya kumsalimia.

Nilikumbuka alasiri moja mama akiziba nyufa za nyumba yetu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, mikono yake ikinuka zizi. Aliacha tundu moja tu, juu ukutani. Nikafikiri amelisahau, nikapanda kitandani nikalijaza gunia.

"Toa hiyo, Chebet," alisema. "Jiko ikiwa ndani usiku, tutapumua nini?"

Sikumwelewa. Niliamini mama hasikii baridi, maana kitanda kilichokuwa chini ya tundu lile kilikuwa chake.