Mke Asiyekuwepo

Ofisini walimwita Dada Mkubwa, hata waliomzidi umri. Alikuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka kumi na tisa, na jalada lolote lililokosa mwenyewe liliishia mezani kwake. "Niwekee hapo, nitaangalia," ndilo lilikuwa jibu lake. Majalada yakafika sabini na mawili: watoto wa kulelewa, wajane, wazee wanaoishi peke yao. Mezani hapakuwa tena na pa kuweka kikombe. Chai aliiweka dirishani.

Jumanne moja alimtembelea fundi saa mstaafu aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona.

"Shikamoo, mzee. Mama anaendeleaje na mguu?"

"Marahaba. Mama yupi?"

"Si mkeo?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, sijaoa maisha yangu yote. Kama umeniletea mchumba, mwambie aingie!"

Naye akacheka, lakini uso ulimwaka. Mguu ule ulikuwa wa mke wa mtu mwingine, wa mtaa mwingine kabisa. Aliporudi ofisini alipitiliza hadi kwa mkuu wake.

"Bosi, nimeanza kuchanganya watu."

"Wewe? Wewe si ndiye tunayekutegemea?"

"Ndiyo maana nakwambia mapema. Leo nimekosea mke. Kesho nitakosea mtoto."

Bosi alivua miwani, akavuta kiti. Wakagawa jalada moja moja hadi saa kumi jioni, na arobaini yakaenda kwa wenzake. Kuyaachia kulimuuma. Jalada la mapacha aliowafuatilia tangu wakiwa wachanga alilirudisha kwenye rundo lake mara mbili, na mara zote mbili bosi akalitoa.

Wiki chache baadaye alikutana sokoni na bibi wa wale mapacha.

"Huyo afisa wenu mpya ni mtu mzuri," bibi alisema. "Ila kwa kuandika! Hata nikipiga chafya anaandika."

Dada Mkubwa alicheka, akaona wivu kidogo, halafu akajisikia mwepesi kama aliyetua ndoo kichwani.

Mchana huo alikwenda kwa fundi saa. Mzee alimwekea saa moja moja sikioni, akimfundisha kuitambua iliyochoka kwa mlio wake tu.

"Sisikii tofauti," alisema.

"Basi sikiliza tena. Au una haraka?"

"Sina, mzee," alijibu, akavua viatu na kukaa vizuri kwenye mkeka.