Mgeni wa Nje ya Waya wa Awowe

Mkitaka kunicheka, chekeni sasa mmalize, kisha mnisikilize. Sikuwa na homa, sikuwa nimelala, wala haukuwa usiku. Ilikuwa saa saba mchana, jua la upande wetu wa Eldas likiwa utosini, na mikono yangu ilikuwa imeshika kamba ya kisima. Mtu anayevuta maji haoti ndoto, niaminini.

Kisima hicho kilichimbwa na babu yangu, awowe, pamoja na wanawe. Ndiye aliyekuwa wa kwanza huku kwetu kuzungushia ardhi waya. Watu walihama na mifugo kufuata mvua, yeye akaketi. Alileta waya kwa lori kutoka Garissa, akakata nguzo za mgunga, akafunga malisho na kisima ndani. Walimcheka, wakasema mzee anafungia upepo. Lakini ng'ombe wake walinenepa, akaoa mke wa pili, akazaa watoto tisa, na waliomcheka wakaanza kumwamkia kwa adabu.

Kati ya ukoo wote huo, leo nimebaki mimi peke yangu ndani ya ule waya. Kaka zangu wako Garissa na Nairobi. Mume wangu alishafariki. Ukame huu wa mwisho uliniachia ng'ombe kumi na mmoja, na ndio maisha yangu, sina kingine. Pampu iliharibika, kwa hiyo nilikuwa nawavutia maji kwa ndoo, asubuhi mpaka alasiri. Kaka yangu mkubwa akipiga simu wimbo ni ule ule: "Abaayo, dada yangu, hiyo shamba tuuze. Unajichosha bure." Halafu anaongeza: "Na usifungulie mtu geti kabla hujamjua. Siku hizi watu ni wabaya."

Sasa mchana huo niliinua macho, nikaona mwanamume amesimama nje ya waya na ngamia mmoja jike. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, midomo imepasuka. Ngamia alikuwa na kengele ya mti shingoni, na alikuwa akitikisa kichwa kufukuza nzi. Kengele ilicheza huku na huku. Haikulia. Niliona hilo, nikalipuuza, maana nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hupuuza mengi.

"Assalamu alaykum, abaayo," akasema. "Ngamia yangu ina kiu. Mimi pia."

Hapa ndipo nilipokosea, na ninawaeleza waziwazi ili msije mkarudia. Kwetu sisi, aliyefika kisimani na kiu hunyweshwa kwanza. Akishakunywa, mnyama wake akishakunywa, akishaketi, ndipo unamuuliza ametoka wapi na ni mtoto wa nani. Hata mtoto wa miaka mitano anajua hivyo. Mimi sikuacha hata kamba.

"Wewe ni nani?" nikamuuliza. "Wa ukoo gani?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kama mtu aliyechoka kunishinda mimi, akasema, "Hata yule mwenye waya aliniuliza hivyo hivyo." Akamvuta ngamia wake, akageuka.

Nilivuta ndoo mbili zaidi, kisha roho ikanisuta. Nikajaza dumu, nikatoka getini nikikimbia. Mnaijua nchi yetu ilivyo tambarare? Mbuzi akiwa mbali kabisa unamwona. Sikuona mtu wala ngamia. Nilizunguka waya kutafuta nyayo, na mchangani nilikuta zangu tu.

Jioni ile ng'ombe walikuja kwenye birika, wakanusa maji, wakainua vichwa, wakaondoka. Nilidhani kuna kitu kimeingia. Nikaonja, matamu. Nikapikia chai, nikanywa. Nilimwaga birika, nikalisugua, nikajaza upya. Kesho yake wakanusa tena, wakaondoka tena. Siku ya tatu wawili walilala chini hawakuamka. Nililia, sitaficha. Kumvutia mnyama maji mpaka viganja vitoke damu, naye afe kwa kiu mbele ya birika lililojaa, hilo linaumiza jamani.

Nikaenda Eldas kwa shangazi yangu, Edo, binti pekee wa awowe aliye hai. Macho yake hayaoni tena, lakini kumbukumbu iko. Nilipofika kwenye ile kengele isiyolia, akaniambia ninyamaze.

"Nilikuwa msichana," akasema. "Alikuja na ngamia moja. Baba alisimama ndani ya waya akauliza ukoo. Jibu halikumfurahisha. Akamwambia, nenda kwa watu wako."

"Akaenda?"

"Akafika mpaka ule mgunga mkubwa. Kesho yake tukamkuta hapo, yeye na ngamia yake. Baba alimzika mwenyewe hapo hapo chini ya mti, na kutoka siku hiyo alikataza tusiongee."

"Alikuwa nani, Edo?"

"Ukoo ndio Baba aliuliza. Jina, hapana."

Watu husema majuto ni mjukuu. Basi huyo mjukuu ndiye mimi. Nilirudi na koleo, nikaanza kukata waya wa awowe, kuanzia upande wa mgunga. Nilipokuwa naviringisha kipande cha pili, akatokea mwanamke na punda watatu, mtoto mgongoni. Huyu alikuwa na nyayo, nilizitazama. Alifungua mdomo kujitambulisha.

"Kunywa kwanza," nikamwambia.

Alikunywa, mtoto akanywa, punda wakanywa. Na wale ng'ombe wangu tisa, waliokuwa wameegemea ukuta wa boma wakingoja kufa, wakaja mmoja mmoja wakainamisha vichwa birikani. Niliketi chini mchangani nikasikiliza wanavyomeza.

Msidhani nilipata raha. Habari za kisima kisicho na waya zimefika mbali, na watu wanakuja mpaka kutoka njia ya El Wak. Mgongo wangu umekwisha. Kaka yangu haulizi tena habari za kuuza, maana nani atanunua shamba lisilo na mpaka? Nimechoka jana, nimechoka leo, na kesho nitavuta tena. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mimi nimepona, lakini sijapumzika.

Kila saa saba mchana napeleka ndoo moja kwenye ule mgunga na kuiacha kaburini. Jioni naikuta vile vile, imejaa, na namwagia mti. Hajarudi. Nakuomba wewe unayenisikiliza, akikujia mtu na kiu, usimuulize kitu. Mimi ningetoa wale ng'ombe tisa wote nilijue jina la yule mgeni nimwombee dua, na hata leo akisimama pale, nitanyamaza mpaka amalize kunywa.