Siku Niliyovuka Kwenda Kufundisha Wanasaikolojia

Mimi ni fundi cherehani wa Mtongwe, Likoni, na safari yangu ya kawaida ni kutoka kitandani hadi barazani. Watu wanaosafiri nawastahi. Nawashonea suruali, kisha nawaaga. Nilivuka kwenda Kisauni kwa kulazimika tu. Mke wangu alikuwa Kwale kumwangalia dadake aliyejifungua, na hospitali ya Kisauni ilikuwa imeomba binti yetu Mwanasha apelekwe kwenye mafunzo. Mwanasha ana miaka tisa na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaokuja na maumivu ya mifupa na usioondoka. Wanasaikolojia walikuwa wakifundishwa namna ya kukaa na watoto wenye maradhi ya miaka na miaka, na walitaka mtoto wa kweli na mzazi wa kweli wa kufanyia mazoezi.

Nyumbani tulikuwa na shida moja kubwa. Mwanasha alikuwa hasemi anapoanza kuumwa. Mara mbili alificha mpaka akafikishwa hospitali hajiwezi, na daktari akatuambia wazi kwamba mara ya tatu huenda tukachelewa. Tulimuuliza, tukambembeleza, tukamgombeza. Kimya.

"Nenda ukasikilize," mke wangu akaniambia kwa simu. "Usiende ukazungumza."

"Mimi huzungumza lini?"

Akakata simu.

Saa moja asubuhi tulitoka. Nilibeba chupa mbili za chai, mikate ya mofa, mwavuli, kanzu ya akiba, sindano na uzi. Mwanasha alibeba chupa yake ya maji. Jirani yetu Mwinyi akautazama mzigo wangu akaniuliza, "Fundi, unahama au unahiji?"

Kwenye feri nilisimama katikati kabisa, mbali na kingo zote. Mwanasha, aliyezoea kuvuka na mamake, ndiye aliyenielekeza. "Baba, watu wakianza kwenda, nasi twende. Usisimame ukashangaa." Ng'ambo ya pili alitembea polepole mno, nami nikafurahi, nikidhani ananingoja mimi. Dereva wa tuktuk alipouliza Kisauni ipi, nilimwambia ile yenye hospitali. Akamgeukia mtoto, naye akamweleza.

Saa tatu tulifika. Chumba kilikuwa kando ya wadi ya watoto, na wanagenzi wanane walikuwa wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Msimamizi wao, Bi. Rukia, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Mwanasha akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha mwanagenzi mmoja kutoka bara, jina lake Chebet, akaanza.

"Mwanasha, uko aje leo?"

"Hajambo, alhamdulillahi," nikajibu mimi.

"Na miguu?"

"Hajambo kabisa. Hiyo ndiyo aliyovukia feri."

"Analala vizuri?"

"Kwa usingizi hunishinda mimi."

Chebet akaandika yote. Nikaona kazi hii naiweza, nikaanza kuwaza pa kutundika cheti.

Bi. Rukia akamwomba asome alichoandika. Akasoma kwamba mtoto hana shida yoyote.

"Hapo umemwandika baba," Bi. Rukia akasema. "Na baba mwenyewe hajakwambia kitu. Huku kwetu ukimuuliza mtu hali, atakwambia hajambo hata kama amebebwa na watu wanne. Hiyo ni adabu ya salamu. Ukishaisikia, jua kazi bado hujaianza. Fundi, utaniwia radhi."

"Hapana neno."

"Basi kaa pale pembeni, unyamaze."

Sina shaka mke wangu alikuwa amempigia simu.

Chebet akachukua mwanasesere wa kitambaa. Mkono mmoja ulikuwa umeshonwa nyuma mbele, nikafungua kinywa kusema. Bi. Rukia akanitazama. Nikakifunga.

"Na huyu anaumwa?" Chebet akauliza.

Mwanasha akampakata. Chebet akangoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa kurefu hata nikaanza kuhesabu vigae vya ukutani.

"Miguu," Mwanasha akasema. "Tangu jana."

"Amemwambia nani?"

"Hajamwambia mtu."

"Anaogopa sindano?"

"Haogopi. Babake ndiye anayeogopa. Siku moja hospitalini aliiona sindano akaanguka, madaktari wakamwacha mtoto wakamshika yeye. Akapasuka hapa." Akagusa nyusi ya mwanasesere. "Mama akalia sana. Kwa hivyo huyu akiumwa hungoja maumivu yaondoke yenyewe."

Wanagenzi wote wanane wakaitazama nyusi yangu. Kovu lile Mtongwe linajulikana kuwa ni la mlango wa kabati.

"Na wewe?" Chebet akauliza taratibu. "Miguu yako?"

"Pia. Tangu jana."

Saa nne mazoezi yalikwisha, Mwanasha akalazwa wadini. Muuguzi alipokuja na sindano ya dripu, nikakumbuka ghafla kwamba mwavuli wangu umebaki kule chumbani. Bi. Rukia alikuwa mlangoni.

"Fundi, wewe huanguka ukiwa umekaa au umesimama?"

"Nikiwa nimesimama."

"Basi kaa."

"Kiti hakuna."

"Sakafu ipo."

Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, nikashika kidole gumba cha mguu wa binti yangu kilichotokeza shukani. Sindano ikaingia. Wadi ikazunguka kidogo, ikatulia.

Mwanasha akachungulia chini. "Baba, upo?"

"Nipo."

"Inauma."

"Inauma vipi?"

Akanieleza. Ilimchukua muda mrefu, na sikumkatiza.

Siku ya pili alasiri tuliruhusiwa. Mikate ya mofa ilikuwa imeliwa na wanagenzi, kwa hiyo nilirudi na mzigo mwepesi. Nilikwenda kufundisha watu jinsi mtoto mgonjwa anavyotunzwa, nikagundua kwamba nyumbani kwangu mtoto mgonjwa ndiye aliyekuwa akimtunza babake, na alikuwa akifanya hivyo kwa mifupa yake mwenyewe. Mke wangu nilimweleza yote. Hakushangaa hata kidogo.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, nilikuwa barazani nakata kitambaa cha kanzu. Mwanasha akaja akasimama kando ya cherehani.

"Baba, kaa chini kwanza."

Nikaweka mkasi, nikakaa.

"Miguu imeanza," akasema.

Adhuhuri haijaadhiniwa, tulikuwa tushafika Kisauni, na wadini aliingia akitembea mwenyewe.