Ulimi wa Heriberto Lantigua

Kompadre wangu Heriberto Lantigua, baba wa ubatizo wa mwanangu wa kwanza, alianza kutangaza besiboli juu ya gari la miwa la kiwanda chetu cha sukari cha Sabana Honda. Alikuwa bado kijana, anashika funeli la kumiminia mafuta kama kipaza sauti. Redio ya mji ikamchukua. Sauti yake ilikuwa tamu, hata padri aliharakisha misa ya Jumapili mchana ili asikose mchezo.

Tatizo lilikuwa sifa zake. Heriberto ana moyo mweupe, akiona kitu kizuri lazima akiseme. Siku moja, mchezaji wetu akikimbia, alisema, "Huyu Nelsido hajawahi kuanguka tangu azaliwe!" Nelsido akajikwaa palepale. Akamsifu mrushaji wetu kwamba mkono wake ni wa chuma, mkono ukateguka. Na kwetu hakuna anayekwenda uwanjani bila redio ndogo sikioni, kwa hiyo kila mtu alisikia sifa na kuona balaa kwa wakati mmoja.

"Ulimi wa nuksi huo!" walisema watu kwenye duka la kona, wakipiga domino. Mmoja akamwambia Heriberto, "Kompa, ukiniona barabarani usinisalimie. Nimenunua pikipiki mpya."

Mimi namwamini Mungu, siamini nuksi. Lakini siku Heriberto alipousifu mchuzi wangu wa mbuzi, ulishika chini ukaungua.

Mwaka ule timu yetu ilifika fainali na timu ya Boca Seca. Jumapili ya mchezo, Don Arquímedes, mwenye redio, akamwita. "Sikiliza. Leo usimsifu mtu wetu hata mmoja. Tukishindwa kwa sababu ya mdomo wako, Jumatatu usije kazini. Nitamweka mpwa wangu."

"Mpwa wako ana kigugumizi, Don."

"Afadhali. Mpaka amalize sifa, mchezo umekwisha."

Heriberto alirudi nyumbani uso umempauka. Hajui kazi nyingine. Mkewe, Nereida, alimpa leso. "Sifa ikikujia, ng'ata hii."

Mchana ule nilikaa na Nereida jikoni kwake tukimenya mbaazi, redio juu ya friji. Tulisikia maajabu. "Mrushaji wetu amerusha. Mpigaji wao amekosa. Ni mrushaji wa kawaida tu, ndugu wasikilizaji, kama wengine." Kisha tukasikia kitu kama mbuzi anayetafuna gunia.

"Leso hiyo," Nereida alisema.

"Masikini, anateseka."

"Na ateseke. Mimi nataka kula Jumanne."

Kila sifa ilipomjia alikimbilia tangazo la mdhamini. Nafikiri siku ile aliitaja Kahawa Monte Lindo mpaka wasikilizaji wakakosa usingizi. Nikachukua rozari yangu, nikamwomba Mungu amzibe mdomo kidogo tu, bila kumuumiza.

Tukafika mwisho. Tunaongoza kwa pointi moja, Boca Seca wamebakiwa na mpigaji mmoja, jitu linaloitwa Peguero. Tukasikia gongo lake likigonga mpira: paa!

"Mpira uko juu!" Heriberto alipiga kelele. "Juu sana! Chelo anarudi nyuma, anarudi, yuko chini yake! Chelo akiudaka tumechukua kombe! Na Chelo huyu, jamani, mikono yake ni—"

Uwanja mzima, redio masikioni, ukageukia kibanda chake cha kutangazia, ukapiga kelele kwa sauti moja: "NYAMAZA!"

Baada ya hapo, kimya. Si leso, si kahawa. Nereida alisimama, mbaazi zote zikamwagika sakafuni. "Kompa wako kafa," akaniambia.

"Hajafa. Mungu amemziba."

"Basi mwambie amzibue! Tumeshinda au hatujashinda?"

Hatukujua. Mji mzima haukujua, tulikodolea macho redio kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Kisha upande wa uwanjani tukasikia sufuria zinagongwa kwa shangwe, halafu za mtaa wa pili, halafu za jirani. Chelo alikuwa ameudaka. Heriberto alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtiririka, na hakuitoa mpaka walipombeba.

Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida. Alimkuta Don Arquímedes na bwana wa kahawa, wanacheka. Tangu siku hiyo, mpira wa mwisho ukiwa hewani juu ya mtu wetu, Heriberto husema polepole: "Kimya hiki kinawajia kwa hisani ya Kahawa Monte Lindo." Kisha hafungui tena mdomo.

Wageni wakimsifia Nereida kwamba ana mume ajuaye kunyamaza, yeye hugonga meza haraka kuondoa nuksi.

"Nyumbani kwangu," anasema, "kimya hicho bado hakijapata mdhamini."