Pauni Isiyotoka Shingoni

Nyumbani kwetu, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi nje ya Kolwezi, kila mtoto aliyezaliwa alivishwa shingoni pauni moja ya dhahabu, sarafu ya Kiingereza, mpaka siku aliyoanza kutembea. Mimi pia niliivaa. Siikumbuki, lakini mama husema niliitafuna sana meno yangu yalipokuwa yanaota, na kwamba nilichelewa kutembea kuliko wenzangu wote. Dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, huongeza kwamba nilichelewa kwa sababu ya haya: nilikuwa nangoja watu watoke nyumbani kwanza.

Pauni hiyo aliileta babu, baba yake mama. Alitoka Kasai akiwa kijana, akaenda kusini mpaka Rhodesia, akafanya kazi kwa Waingereza waliokuwa wanajenga reli, kisha akapanda na reli hiyo hiyo mpaka huku Katanga. Watoto wake wa kwanza walikufa kabla ya kusimama. Alipozaliwa mama, babu alimpelekea mhunzi pauni yake, mhunzi akaitoboa tundu dogo juu ya kichwa cha malkia, wakapitisha uzi. Mama akatembea. Tangu hapo hakuna mtu katika ukoo wetu aliyetaka kujaribu kulea mtoto bila pauni.

Upande mmoja kuna huyo malkia, mama mzee aliyejifunika kitambaa kichwani kama mjane anayekwenda misa. Upande wa pili kuna mtu juu ya farasi, anamkanyaga mnyama mwenye mabawa. Mama anasema ni mtakatifu. Hajui ni yupi, lakini huwatajia watoto jina lake kila jioni kwa kusema tu, "wa farasi".

Mimi nilianza kukusanya sarafu kwa sababu ya kazi. Baada ya shule ya msingi nilikwenda kujifunza kutengeneza baiskeli kwa mjomba, kwenye baraza la nyumba yake karibu na soko. Watu waliofika kwa treni kutoka Kasaji na kwingine huko magharibi walileta baiskeli zao, na mara nyingine mfukoni mwao mlikuwa na sarafu zisizo za kwetu: za Angola, za Rhodesia, na zile za zamani za Kongo zenye nyota na tundu katikati. Mjomba hakuzitaka, kwa kuwa mwenye duka hakuzipokea. Alinitupia mimi. Nilizipanga kwa waya wa breki, kila nchi na waya wake, nikazitundika juu ya kitanda changu. Usiku, mtu akifunga mlango kwa nguvu, zililia kidogo.

Nilikuwa pia na msalaba mmoja wa shaba, ule wa mikono minne iliyo sawa, ambao wazee wa nchi hii waliutumia kama fedha kabla ya wazungu. Huo nilipewa na mama mmoja wa sokoni ambaye alikuwa anaegemeza mlango kwa huo msalaba. Nilimletea jiwe zuri, tukabadilishana.

Mtu pekee aliyejua jambo hili nje ya ukoo alikuwa furere wa misheni, mtawa aliyetufundisha hesabu. Yeye alikusanya sarafu za dhahabu, si zake, za misheni, na kila mwaka baada ya Pasaka aliandaa maonyesho katika ukumbi wa parokia. Wazungu walikuja na sanduku zao, wengine kutoka Jadotville, wengine kutoka Elisabethville. Asubuhi ilikuwa yao. Alasiri sisi wa kambi tuliruhusiwa kupita, mstari mmoja, mikono nyuma. Nilipita kila mwaka. Niliona dhahabu za Wafaransa zenye jogoo, dhahabu za mfalme mwenye ndevu nyingi, na moja nyembamba kama ganda la kitunguu, ambayo furere alisema ilitengenezwa kabla ya babu wa babu zetu. Nilikuwa natoka pale miguu haina uzito.

Mwaka uliopita furere aliniita baada ya misa.

"Safari hii kutakuwa na meza moja kwa watu wa kambi," alisema. Alisema Kiswahili cha hapa kwetu, lakini taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Utaweka sarafu zako. Utakaa nyuma yake, tangu asubuhi."

Nilitazama viatu vyake.

"Lakini ni maonyesho ya dhahabu," akaendelea. "Wale mabwana wa komite ya maonyesho wamekubali kwa shida. Wanasema kila meza iwe na dhahabu, hata moja. Unayo?"

Nilikubali kwa kichwa. Sijui nilipata wapi uhodari. Njiani ndipo nilipokumbuka kwamba pauni ilikuwa shingoni mwa binti wa yaya, na kwamba yule mtoto alikuwa bado anatambaa.

Nililala siku kadhaa na neno hilo kifuani. Nilitaka ile meza kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Mwishowe nilimwambia mama wakati anaponda mihogo, kwa sababu kelele za mchi zilinisaidia.

"Mutoto hayatembea bado," mama akajibu bila kuacha kuponda.

"Ni siku moja tu, mama."

"Na ule mukubwa wangu alikufa mu siku ngapi? Ilikuwa asubui tu." Akaweka mchi chini. "Feza haitoke mu shingo. Mi sikatale meza yako. Lakini feza haitoke mu shingo."

Yaya alikuwa ameketi mlangoni, anamnyonyesha mtoto. Alianza kucheka.

"Basi shingo iende na feza yake," alisema. "Tutaenda wote. Mudogo, utatuonyesha sisi pamoja na musalaba wako."

"Yaya, usichezee."

"Sichezee. Weye unafikiri utakaa kule peke yako? Muzungu akikuuliza jina utajificha chini ya meza."

Hilo lilikuwa kweli. Mama alifikiri kidogo. Aliuliza kama ukumbini kuna upepo. Nilisema madirisha hufungwa kwa sababu ya vumbi la mgodi. Akakubali.

Sikujua kwamba kukubali kwa mama kulikuwa na sehemu ya pili. Katika kambi yetu kila Jumamosi alikuja mkaguzi kutazama kama nyumba ni safi, na wanawake walikuwa wamezoea kusugua sufuria kwa majivu na ndimu mpaka ziweze kutumika kama kioo. Mgeni akitarajiwa, wanasugua. Wakitarajiwa wao kuwa wageni, wanasugua zaidi. Jumamosi ya kabla ya maonyesho, nilipokuwa bado kwa mjomba, mama alimkalisha mjukuu wake mapajani na, bila kuivua pauni, aliisugua kwa majivu, kwa ndimu, kisha kwa mchanga laini wa mtoni. Niliporudi, malkia alikuwa anang'aa kama amepakwa mafuta. Mistari ya kitambaa chake ilikuwa imepungua. Farasi alikuwa bado na miguu, lakini uso wa mtakatifu ulikuwa umelainika kabisa.

"Sasa batatuheshimu," mama alisema.

Nilikuwa nimemsikia furere mara nyingi akiwaambia watoto kwamba sarafu ya zamani haisuguliwi, hata vumbi lake ni lake. Nilitazama mikono ya mama iliyochujuka kwa ndimu. Nilisema imependeza.

Siku yenyewe tulifika mapema. Yaya alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi. Mtoto alikuwa na gauni jeupe lililokatwa kwenye pazia la zamani. Mimi nilibeba nyaya zangu na msalaba ndani ya kitambaa. Mlangoni alisimama bwana mmoja wa komite, mtu mrefu aliyekuwa na miwani mbili, moja usoni na moja juu ya paji. Furere alimwambia sisi ndio wa meza ya mwisho.

"Dhahabu iko wapi?" bwana yule aliuliza.

Yaya alimgeuza mtoto. Bwana aliteremsha miwani ya juu, akainama, na uso wake ukafanya kama wa mtu aliyeuma pilipili bila kujua.

"Imetobolewa," alimwambia furere. "Na imesuguliwa. Nani ameisugua?"

"Mama yetu," alisema yaya. "Kwa heshima yenu."

Furere alifumba macho kidogo. Aliongea na yule bwana kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini. Nilielewa maneno machache. Nilielewa kwamba kwa mkusanyaji sarafu ya namna ile haina maana tena. Nilielewa pia "meza" na "hapana". Nilianza kufunga kitambaa changu.

Kisha furere alitugeukia. "Anasema anaweza kukubali, kwa kuwa dhahabu ni dhahabu. Lakini sheria ni kwamba iwe juu ya meza kama za wengine. Haiwezi kuwa shingoni mwa mtu."

Nilimtazama yaya. Nilijua ahadi yetu kwa mama, na nilijua pia kwamba hakuna mtu pale angemwambia mama kama uzi ungefunguliwa saa moja tu. Nadhani yaya aliona wazo hilo usoni mwangu. Alinipita, akaenda mpaka kwenye meza ya mwisho, akalaza kitambaa chake cha kubebea juu ya kile cha kijani kilichofunika meza, akamkalisha mtoto katikati.

"Haya, bwana," alisema. "Iko juu ya meza."

Mtoto alitazama ukumbi mzima, akashika pauni, akaitia kinywani.

"Zile zingine zimefunikwa kioo," bwana wa komite alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu tena.

"Na huyu mutamufunika nini? Atalia, na mimi sitamubembeleza kupitia kioo."

Bibi mmoja wa kizungu aliyekuwa anapanga sarafu zake kwenye meza ya jirani alicheka kwanza. Furere akafuata. Bwana wa komite alirudisha miwani juu ya paji, akasema jambo kuhusu usalama wa meza, akaenda zake. Tulibaki.

Nilipanga nyaya zangu upande wa kushoto wa mtoto na msalaba upande wa kulia. Nyaya ziligongana, sarafu zikalia, mtoto akafurahi. Watu walianza kupita. Wengi walisimama kwa sababu ya mtoto, lakini wakishasimama walitazama na vingine. Mzee mmoja kutoka Jadotville alikaa zaidi ya wote. Alitoa kioo chake cha kukuzia. Mtoto alikinyakua, akakataa kukirudisha, ikabidi mzee aitazame pauni kwa macho yake tu, wakati mtoto anamtazama yeye kwa kioo.

"Hii nina tatu nyumbani, bila tundu," alisema kwa Kiswahili kizuri. "Mimi sikuja kwa hii. Nieleze huo msalaba. Uliutoa wapi?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Nilimtazama yaya ili ajibu. Yaya alikuwa anajishughulisha na kufunga kilemba, na kilemba chake kilikuwa hakijafunguka.

"Ulikuwa unaegemeza mlango," nilisema.

"Mlango wa nani?"

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya jiwe nililotoa. Akacheka, akauliza juu ya zile sarafu za Angola, nikamweleza habari za treni, za baiskeli, na jinsi mtu anavyotoa mfukoni kitu asichokijua kwa kuwa gurudumu lake limepasuka na njia bado ni ndefu. Akauliza tundu la pauni lilitobolewa na nani, nikaeleza habari ya babu. Nilipomaliza niliona watu wengine walikuwa wamesimama nyuma yake wanasikiliza, na furere alikuwa miongoni mwao. Kama ningewaona mapema nisingesema hata nusu.

Alasiri watu wa kambi walipita kwa mstari wao, mikono nyuma. Mjomba alipofika mbele ya meza yetu alisimama, akatazama zile sarafu alizokuwa ananitupia.

"Zote hizi zilikuwa kwangu?" aliuliza.

"Ndiyo, mjomba."

"Na mi nilikuwa nakuita kichaa." Akatoa mikono nyuma, akanishika bega, akaendelea na mstari.

Mama pia alipita. Hakututazama sisi. Alitazama uzi shingoni, akauona umefungwa kwa fundo lake mwenyewe, akaenda.

Mtoto alianza kutembea majira ya mvua. Alitoka kwenye ndoo mpaka mlangoni, na aliyeona ni mimi peke yangu, kwa sababu wengine walikuwa misani na mimi nilikuwa na homa. Mama aliporudi alifungua uzi, akaiweka pauni ndani ya kopo la maziwa, chini ya kunde za mbegu. Niliona wakati huo kwamba sasa ningeweza kuipeleka kwenye maonyesho peke yake, chini ya kioo, kama za wengine. Furere naye aliona hivyo. Alinipa kipande cha mahameli chekundu.

Lakini yaya ana mimba tena, na mama amekwisha kuusuka upya ule uzi. Mtoto atazaliwa kabla ya Pasaka. Nimemrudishia furere mahameli yake, nikamwomba kitu kimoja tu: safari hii atutafutie meza yenye miguu imara.