Picha Aliyoiosha Mama Caro

Wamaitha, ambaye sisi majirani wa Noonkopir tunamwita Mama Caro, alimpikia na kumfulia Mholanzi mmoja kule Isinya kwa miaka kumi na miwili. Mholanzi huyo, Pieter, alikuwa msimamizi wa shamba la maua. Aliporudi kwao alimwachia picha. "Niwekee, nitakuja kuichukua." Haikuwa zawadi. Mama Caro alinieleza hilo mara nyingi, kana kwamba mimi ndiye ningemshuku.

Picha ilichorwa na mama yake Pieter: kanisa lenye mnara mrefu, na mbele yake uwanja wa soko uliotandikwa mawe. Wanawake wananunua kabeji, mbwa amelala. Mama Caro aliitundika sebuleni karibu na dari, imeinama mbele kidogo ili mgeni aliyeketi aione. Kwa miaka saba aliipangusa kwa kitambaa kikavu.

Mwezi wa nane Pieter alipiga simu. Mama yake alikuwa amefariki, naye angekuja Jumamosi kuchukua picha.

Ijumaa Mama Caro aliosha nyumba kama anayengoja wakwe. Alifua mapazia na vitambaa vya viti, akasugua sufuria hata kwa nje. Kisha akaishusha picha, maana huwezi kumrudishia mtu kitu chake kikiwa na vumbi. Alichukua sponji na sabuni ya unga. Mnara ulistahimili. Pembeni, mwanamke wa kofia nyeupe alitoka na povu.

Nilimkuta ameketi sakafuni. Mimi nina watoto wanne, nimezoea vitu kuharibika, lakini hata mimi niliketi chini kando yake.

"Miaka yote hiyo hakuwahi kunifungia kabati," alisema. "Sasa atasema nimeharibu kitu cha marehemu."

Tulimwita Maundu, fundi wa mabango.

"Mama Caro, ng'ombe wote wa mabango ya bucha kutoka hapa mpaka Isinya ni wangu," alisema. "Mzungu mmoja atanishinda?"

"Hao ng'ombe wako wana meno kama ya watu," nilimwambia.

"Na nyama inauzwa ama haiuzwi?"

Alimaliza kwa saa moja. Mwanamke alisimama tena sokoni, mnene, kiondo mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso. Maundu hakujua mwanamke mwingine wa sokoni.

Pieter alifika saa nne asubuhi. Niliketi kando, nimeshika kikombe bila kunywa. Aliitazama picha, akasogea, akaweka kidole kwenye kiondo.

Kabla hajauliza, Mama Caro alisema, "Hapo niliosha na sabuni, mtu akatoka. Huyo tulimchora jana. Pole."

Pieter aliondoa kidole. "Kulikuwa na nani hapo? Sikumbuki."

"Hukumbuki?" Mama Caro alishangaa. "Alikuwa na kofia nyeupe na aproni ya buluu. Kikapu mkono wa kushoto, mayai ndani. Na hakuwa anaangalia kabeji. Alikuwa anaangalia mlango wa kanisa, kama mtu ambaye mtoto wake amechelewa kutoka."

Pieter alimwomba arudie polepole, akayaandika hayo nyuma ya picha. Kisha akaifunga kwa shuka, mwanamke wa kiondo akiwa ndani, akaondoka nayo kama walivyokubaliana.

Mama Caro alipanda kwenye stuli, akapangusa ukuta pale picha ilipokuwa. Kwa kitambaa kikavu.