Kihenge cha bibi kimekataa kupita mlangoni

Leo nyumbani Sapiwi tumeshindwa kutoa kapu tupu nje.

Sawa, si kapu la kawaida. Ni kihenge cha bibi, cha fito zilizokandikwa udongo, kirefu kunizidi. Zamani kilijaa mtama. Siku hizi nafaka zinakaa kwenye magunia, na chenyewe kimebaki kujaza chumba cha mbele.

Baba mdogo kauza pamba, kaleta makochi kutoka Bariadi mjini. Kwa hiyo kihenge kitoke.

Tukakisukuma watatu hadi mlangoni. Hakipiti.

Tukakilaza. Hakipiti.

Baba mdogo akachukua panga akikate vipande. Ila kwanza akamgeukia mama yake, huku anahema: "Mayu, hiki mlikiingizaje?"

Bibi akacheka. "Nani akiingize? Kilianza chenyewe. Nyumba tukaijenga kukizunguka."

Jamani. Nimepita hapo na madaftari yangu miaka yote, sikuwahi kulinganisha kihenge na mlango!

"Mvua zilikuwa karibu," bibi akaendelea. "Nyasi za kwanza tukaezekea mtama. Sisi tukalala nje, na wewe mchanga mgongoni kwangu. Ungekula nini?"

 Baba mdogo aliweka panga chini, akakisimamisha kihenge taratibu, akakisukuma mwenyewe kidogo kidogo hadi mahali pake, hataki tumsaidie.

Makochi yako barazani, bado yana nailoni.

Kwenu kuna kitu kilichoitangulia nyumba? Waulizeni bibi zenu, halafu mniambie.